Kilimo cha jojoba kama uwekezaji: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni kwa mkulima, kikundi au mtumishi mwenye akiba yake ambaye amesikia sifa za jojoba na anafikiria kuweka fedha. Ninalipenda zao hili na ningefurahi kuliona likikua kwenye maeneo yetu makavu. Ndiyo sababu nitasema bila kuficha ni wapi watu walipoteza mitaji yao. Zao likishaharibiwa jina kwa ahadi za uongo, wakulima hawalirudii kwa miaka mingi.

Jojoba ni mmea gani?

Ni kichaka cha jangwani kisichopukutisha majani. Asili yake ni Jangwa la Sonora, yaani kusini mwa Arizona na California nchini Marekani, pamoja na Sonora na Baja California nchini Mexico. Kitaalamu huitwa Simmondsia chinensis. Mara nyingi huwa na urefu wa mita moja hadi mbili, japo mingine hupita mita tatu. Majani yake ni manene, ya kijani kilichofifia, na husimama wima hivyo jua la mchana haliyapigi moja kwa moja. Mzizi wake mkuu huzama mita nyingi kutafuta unyevu. Mmea mmoja unaweza kuishi zaidi ya miaka 100. Mbegu zake ni za kahawia, na kila moja huwa na uzito wa kati ya nusu gramu na gramu moja.

Mafuta yake yana nini cha pekee?

Kwa kweli si mafuta kama ya alizeti au karanga. Ni nta ambayo kwa bahati ya maumbile iko katika hali ya kimiminika. Karibu nusu ya uzito wa mbegu ni nta hiyo. Haichachi upesi, huvumilia joto kali, na muundo wake unakaribiana na sehemu ya mafuta yanayotolewa na ngozi ya binadamu. Kwa hiyo hutumika zaidi kwenye krimu, mafuta ya nywele, sabuni na rangi za midomo, na kiasi kidogo huingia kwenye vilainishi vya mitambo.

Si mafuta ya kupikia. Tumbo la binadamu haliwezi kuyameng'enya vizuri. Anayekuuzia wazo la jojoba kama mafuta ya kula halijui zao analouza.

Kwa nini zao la jangwani likawa biashara ya dunia?

Chanzo ni nyangumi. Yule mwenye kichwa kikubwa cha mraba alikuwa akiwindwa kwa ajili ya mafuta yaliyotumika kulainisha gia na mashine, na mafuta hayo nayo kwa sehemu kubwa yalikuwa nta ya kimiminika. Mwaka 1970 Marekani ilimweka nyangumi huyo kwenye orodha ya wanyama walio hatarini kutoweka na kufunga mlango wa kuingiza bidhaa zake. Viwanda vikahitaji mbadala. Wanakemia wa Chuo Kikuu cha Arizona walikuwa wamekwisha kuonyesha tangu miaka ya 1930 kwamba mbegu ya jojoba ina nta ya namna hiyo, na mwaka 1972 wataalamu walikutana Tucson kulijadili zao hili. Jamii za asili za jangwa lile, wakiwemo Waapache wa San Carlos, zilishiriki kukusanya mbegu za porini katika miaka hiyo ya mwanzo.

Waliotangulia kuwekeza waliishia wapi?

Hili ndilo swali ambalo wengi hawaulizi, nami naliona kuwa la maana kuliko yote yaliyo kwenye ukurasa huu.

Mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980, maelfu ya hekta yalipandwa jojoba huko Arizona na California. Sehemu kubwa ya fedha haikutoka kwa wakulima. Ilitoka kwa watu wa mjini wenye vipato vikubwa, waliouziwa hisa kwenye ubia wa mashamba. Mvuto ulikuwa wa aina mbili: faida iliyoahidiwa siku za usoni, na nafuu ya kodi papo hapo, kwa sababu waanzilishi waliandika gharama za shamba kama gharama za utafiti. Mamlaka za kodi zikapinga, na katika miaka ya 1990 mahakama ya kodi ya Marekani iliwakatalia washiriki wa ubia mmoja wa namna hiyo makato waliyokuwa wamejihesabia. Mashauri mengine yaliyofanana yakafuata.

Shambani nako mambo yalikwenda kombo. Watu walipanda mbegu zilizookotwa porini, kila mche ukiwa na tabia yake. Nusu ya miche ikatoka madume yasiyozaa mbegu. Baridi kali ya usiku ikaua maua katika baadhi ya mabonde. Mavuno yakawa madogo mno kuliko yaliyochorwa kwenye vipeperushi, na mashamba mengi yakaachwa.

Zao lenyewe halikufa, na hapa ndipo ninapopata matumaini. Katika Jangwa la Negev, Israel, watafiti wa Beersheba na wakulima wa kibbutz (kijiji cha ushirika) cha Hatzerim walichagua mimea michache yenye kuzaa sana, wakaizalisha kwa vipandikizi, wakaimwagilia kwa matone na kuivuna kwa mashine. Kibbutz hiyohiyo ndiyo iliyoanzisha kampuni ya Netafim ya umwagiliaji wa matone mwaka 1965, kwa hiyo maji ya kuhesabu hayakuwa jambo geni kwao. Argentina ilipanda katika jimbo la La Rioja na kuwa miongoni mwa wazalishaji wakubwa duniani. Peru, Misri na Australia nazo zina mashamba. India ilianzisha mradi wa serikali huko Rajasthan mwaka 1995.

Waliofanikiwa ni waliokubali kuchagua mimea kwa miaka kadhaa kwanza, na kupanua baadaye. Waliopanua kwanza ndio waliofilisika.

Je, mjojoba unastawi Afrika Mashariki?

Kustawi na kuzaa ni mambo mawili. Mmea utaota na kubaki kijani sehemu nyingi kavu za Tanzania na Kenya. Kazi ni kuufanya utoe maua kwa pamoja na ukomaze mbegu.

Vichipukizi vya maua ya mjojoba hulala usingizi. Vinaamshwa na majuma kadhaa ya baridi ya wastani, hasa usiku, kisha joto na maji vikifuata. Ukiangalia ramani utaona kwamba Arizona, Negev, La Rioja na Rajasthan zote ziko mbali na ikweta, zenye majira ya baridi yanayoeleweka. Kati ya nchi zote nilizotaja, Peru ndiyo iliyo karibu zaidi na ikweta kama sisi, lakini pwani yake ya jangwa hupozwa na mkondo wa baridi wa bahari.

Sasa tulete hesabu hiyo nyumbani. Mombasa, Tanga na pwani yote kwa ujumla ina usiku wa joto na unyevu mwingi hewani. Mimi nisingepanda huko kwa biashara. Laikipia kuna usiku wa baridi, lakini baridi yake haitofautiani sana mwezi hadi mwezi, na mmea usiposikia tofauti ya majira unaweza kutoa maua kidogo kidogo mwaka mzima. Hilo ni usumbufu mkubwa wakati wa kuvuna. Dodoma, na nyanda kavu zinazoizunguka kama Kondoa, kuna mambo ya kutia moyo: mvua ya mwaka haifiki milimita 600 kwa wastani, na usiku wa Juni na Julai joto hushuka hadi karibu nyuzi 13.

Lakini hata Dodoma kuna mtego ambao sijawahi kuuona kwenye kipeperushi chochote. Baridi ya Julai ikiamsha maua, yatachanua wakati wa kiangazi, Agosti au Septemba, pale ardhi inapokuwa imekauka kabisa. Bila maji ya kumwagilia, maua hayo yatapukutika. Mbegu huchukua miezi mitatu hadi sita kukomaa, kwa hiyo zitaanguka kati ya Desemba na Februari, mvua ikiwa imepamba moto. Mbegu iliyoangukia tope huota au huoza. Kwa hiyo mwekezaji wa Dodoma anahitaji maji mwezi wa nane na mpango wa kuvuna kwenye mvua mwezi wa kwanza. Anayekuletea mradi muulize hilo kabla ya jambo lingine lolote.

Suala la dume na jike lina uzito gani?

Kubwa sana. Mjojoba ni mmea wenye jinsia mbili kwenye mimea tofauti, kama mpapai wa kienyeji. Dume hutoa chavua, jike hutoa mbegu, na upepo ndio mchavushaji. Nyuki huweza kutembelea maua ya dume, lakini usitegemee mizinga ikufanyie kazi hiyo.

Ukipanda kwa mbegu, karibu nusu ya miche itakuwa madume, na huwezi kuyatambua kitaluni. Utajua maua yatakapotokea, mara nyingi mwaka wa pili au wa tatu, na mingine huchelewa zaidi. Shamba linahitaji dume moja tu kwa kila majike tisa au kumi. Mengine yote uliyoyapalilia na kuyanywesha maji kwa miaka mitatu utayang'oa.

Hata majike hayalingani. Katika shamba la mbegu kuna jike linalojaa mbegu, na la jirani yake halina kitu. Ndiyo maana mashamba ya kisasa hutumia vipandikizi: unakata vipande vya matawi kutoka kwa mmea uliothibitika, unavichovya kwenye homoni ya kuotesha mizizi, unaviweka kitaluni chini ya ukungu wa maji mpaka vishike. Kila mche utakaotoka humo ni jike lilelile kwa sifa zote. Kazi hii ni ya ustadi, vipande vingi hufa mikononi mwa asiyezoea, na miche yake ni ghali kuliko ya mbegu. Hata hivyo, kwa maoni yangu hakuna njia nyingine ya kufanya jojoba kuwa biashara.

Bado kuna nafasi ya mbegu. Mtu wa kwanza kwenye eneo jipya anaweza kuotesha mamia ya miche ya mbegu kwa kuibananisha, akaiacha izae miaka kadhaa, kisha akachagua ile michache inayozaa vizuri kwenye hali ya hewa yake. Huo ni utafiti. Uuite utafiti, na usiwachangishe watu kwa jina la shamba la mavuno.

Tunaambiwa hauhitaji maji. Ni kweli?

Unaishi kwa maji machache. Kuzaa kibiashara ni habari nyingine. Porini mijojoba hukutwa kwenye maeneo yenye mvua chini ya milimita 200 kwa mwaka, lakini hiyo mingi haizai kitu cha kuuza katika mwaka mkavu. Mche mchanga unahitaji kumwagiliwa katika miaka yake miwili ya kwanza hata mahali pakavu kiasi. Mmea mzima unahitaji maji wakati wa maua na wa kujaza mbegu.

Faida yake ya kweli ni kwamba huvumilia maji ya chumvichumvi ambayo yangeua mahindi au maharage. Kisima chenye maji ya namna hiyo, kama vilivyo vingi maeneo kavu, kinaweza kufaa. Peleka maji na udongo maabara kwanza.

Udongo gani unafaa?

Kichanga au changarawe, unaopitisha maji haraka. Udongo mweusi wa mfinyanzi, ule unaopasuka kiangazi na kunata masika, haufai. Mizizi ikikaa ndani ya maji hushambuliwa na kuvu, na mche hunyauka ghafla ukiwa bado kijani. Sehemu kubwa ya tambarare za Kajiado na Athi ina udongo huo, kwa hiyo ukame pekee usikudanganye. Chimba shimo la mita moja, lijaze maji jioni. Kama asubuhi maji bado yapo, tafuta kiwanja kingine.

Nitaanza kuvuna lini?

Mbegu za kwanza huonekana mwaka wa tatu au wa nne. Mavuno ya kuuza kwa maana ya kuuza huanza karibu mwaka wa tano, na shamba hufikia kimo chake kati ya mwaka wa nane na wa kumi. Baada ya hapo mmea huzaa kwa miongo mingi, ila huwa na tabia ya kuzaa sana mwaka mmoja na kupumzika unaofuata.

Miaka hiyo ya kusubiri ndiyo inayoua miradi. Ukikopa shilingi milioni 1 kwa riba ya asilimia 15 kwa mwaka na usilipe chochote kwa sababu shamba halijaleta kitu, mwaka wa saba deni litakuwa limepita milioni 2.6. Jojoba ni zao la fedha yako mwenyewe ambayo huihitaji karibuni. Ada ya shule ya mtoto isiguswe.

Ekari moja itanipa kiasi gani?

Sitakupa tarakimu ya mavuno ya Afrika Mashariki. Nitakupa namna ya kupiga hesabu, kisha wewe utajaza namba kutoka kwenye shamba ulilolitembelea.

Nafasi ya mita nne kati ya mistari na mita mbili kati ya mimea hukupa takriban mimea 500 kwa ekari. Shamba la vipandikizi litakuwa na majike 450. Shamba la miche ya mbegu litakuwa na majike kama 250. Tuseme, kwa ajili ya hesabu tu, jike lililochaguliwa linazaa kilo moja na lile la mbegu linazaa wastani wa nusu kilo. La kwanza litatoa kilo 450 za mbegu, la pili kilo 125. Ukikamua kwa mashine bila kemikali na kupata asilimia 40, utabaki na kilo 180 za mafuta upande mmoja na kilo 50 upande mwingine. Ardhi ni ileile, palizi ni ileile, maji ni yaleyale.

Sasa uliza bei ambayo mnunuzi aliyeko tayari kusaini anatoa kwa kilo. Achana na bei ya chupa ndogo ya duka la vipodozi. Chupa hiyo ina gharama ya kusafisha, kufungasha, kutangaza na faida ya muuzaji, na mkulima hulipwa sehemu ndogo tu ya bei hiyo.

Nani atanunua?

Viwanda vya vipodozi, kupitia wafanyabiashara wachache wa kimataifa wa malighafi. Soko ni dogo ukililinganisha na la alizeti au ufuta, na soko dogo hutikisika kirahisi. Nchi moja kubwa ikipata mavuno mazuri, bei hushuka. Mavuno yakiharibika, hupanda, na hapo watu wapya hukimbilia kupanda mimea itakayozaa miaka mitano baadaye, bei ikiwa imeshabadilika.

Nafikiri njia nzuri zaidi kwa wazalishaji wadogo wa hapa ni kuanza na viwanda vya ndani. Dar es Salaam, Arusha na Nairobi kuna watengenezaji wa sabuni, mafuta ya nywele na losheni ambao huagiza mafuta haya kutoka nje kwa fedha za kigeni. Kikundi kinachoweza kuwapa lita chache safi kila mwezi, zenye cheti cha maabara, kitapata mteja kabla hakijafikiria kontena la Ulaya.

Uvunaji ukoje?

Mbegu hukomaa kwa zamu na kuanguka zenyewe chini. Huko Israel na Argentina hutumia mashine za kukusanya. Kwetu itakuwa kazi ya mikono: kupogoa matawi ya chini tangu mapema ili shina liwe wazi, kutandika turubai, na kuzunguka shambani mara kwa mara kwa majuma kadhaa. Vibarua hao wahesabiwe tangu siku ya kwanza. Wamarekani wa miaka ya 1980 walikuta gharama ya kuokota inameza mapato, na sisi nafuu yetu ya ujira isitufanye tuidharau.

Naweza kukamua kwa mashine ya alizeti?

Mashine ya kukamua kwa skrubu inafaa, na mafundi wa Singida na Dodoma wanaijua. Shida ni usafi. Mabaki ya alizeti yakichanganyika na jojoba, maabara ya mnunuzi itayaona na mzigo utakataliwa. Tenga mashine, au isafishe kabisa kisha utupe mafuta ya kwanza. Kausha mbegu vizuri, chuja mara mbili, hifadhi kwenye vyombo safi visivyopitisha mwanga.

Mashudu yake nilishe mbuzi?

Usilishe. Yana protini nyingi, lakini yana pia kemikali iitwayo simondisini inayomkata mnyama hamu ya chakula hata akakonda au kufa. Kuna njia za kiwandani za kuyaondoa sumu, si za nyumbani. Kama mchanganuo wa biashara uliopewa umeweka mapato ya chakula cha mifugo kutoka kwenye mashudu, mwandishi wake alinakili kutoka kwenye alizeti.

Majani nayo mbuzi huyapenda, kwa hiyo uzio ni lazima. Mchwa nao hushambulia miche michanga.

Nimeletewa mpango wa kununua miche au ekari, kampuni ilime kwa niaba yangu na kunilipa kila mwaka. Niingie?

Tulia kwanza. Mpango wa aina hii unaweza kuwa halali, lakini ndio mlango ambao utapeli wa kilimo huupenda, kwa sababu mmea unachelewa kuzaa na mwekezaji yuko mbali na shamba.

Ishara ya kwanza ni tarehe ya malipo. Ukiahidiwa gawio mwaka wa kwanza au wa pili, fedha hiyo haitoki kwenye jojoba, maana jojoba haijazaa. Inatoka kwa mwekezaji aliyeingia baada yako. Ishara ya pili ni biashara ya miche yenyewe. Kama kampuni inapata faida kwa kuwauzia ninyi miche, na ahadi yake ya kununua mbegu haina bei, kiasi wala dhamana, basi kampuni imeshafanikiwa siku mliyolipa. Kenya iliona hilo kwenye kware mwaka 2013 na 2014: waliouza vifaranga na mayai ya kuanzishia walipata, waliotegemea walaji wakabaki na ndege.

Halafu kuna karatasi. Cheti cha BRELA (wakala wa usajili wa kampuni Tanzania), au cha usajili wa kampuni Kenya, kinathibitisha tu kwamba kampuni ipo. Hakimpi mtu ruhusa ya kukusanya fedha za umma kwa ajili ya uwekezaji. Ruhusa hiyo Tanzania hutolewa na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, na Kenya na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji. Piga simu huko mwenyewe, usipokee nakala kwenye WhatsApp.

Nenda shambani bila kutangaza. Omba kuonyeshwa mimea iliyozaa na kumbukumbu za mizani za miaka isiyopungua mitatu. Uliza idadi ya majike na madume. Uliza miche ilitoka kwa mmea mama gani. Mtu mkweli atakujibu hata kama majibu si mazuri, na mimi ningemwamini zaidi yule anayekuambia kwamba mwaka jana alipoteza mistari miwili kwa kuvu.

Naweza kuagiza miche au mbegu kutoka nje?

Unaweza, kwa utaratibu. Tanzania utahitaji kibali cha kuingiza mimea kutoka Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, pamoja na cheti cha afya ya mimea kutoka nchi inayotuma. Kenya kibali hutoka KEPHIS, shirika la ukaguzi wa afya ya mimea. Usibebe vipandikizi kwenye begi. Ugonjwa mmoja wa mizizi ukiingia utaharibu mashamba ya watu wasiohusika na mradi wako. Kumbuka pia kuuliza kama aina unayoitaka ina haki za mgunduzi zinazokuzuia kuizalisha bila kulipa.

Kijiji chetu kimeombwa ardhi kwa mradi wa jojoba. Tufanyeje?

Someni yaliyowakuta wenzetu wa Kisarawe. Kampuni ya mibono (jatropha), mmea wa mafuta ya nishati, ilipata zaidi ya hekta 8,000 kutoka vijiji kadhaa, ikasimama mwaka 2011, na wanakijiji wakabaki bila ajira walizotarajia na bila ardhi waliyoizoea. Ardhi ya kijiji ikishahamishwa kuwa ardhi ya jumla, isiyo tena chini ya kijiji, ili apewe mwekezaji wa nje, haijirudii yenyewe kijijini mradi ukifa.

Mkutano mkuu wa kijiji una nguvu kisheria, utumieni. Pendekezo langu ni kijiji kibaki na ardhi, wanakijiji wawe na hati zao za kimila, na mwekezaji aingie kwa mkataba wa kununua mbegu na kutoa miche na utaalamu. Kama ni lazima akodi, iwe eneo dogo kwanza, kwa miaka michache, na kifungu cha kulirudisha kikiandikwa kwa Kiswahili.

Nipande nini katikati ya mistari wakati nasubiri?

Kunde, mbaazi fupi, choroko au ufuta katika miaka mitatu ya kwanza, mbali kiasi na shina. Mazao hayo ndiyo yatakayolipa palizi. Epuka mazao yanayotaka maji mengi.

Basi nianze na kiasi gani?

Nusu ekari. Tafuta miche ya aina tatu au nne tofauti za majike pamoja na madume yao, iwekee alama za kudumu, uweke kipimajoto cha usiku na kipima mvua hapohapo shambani. Andika tarehe ya ua la kwanza kwa kila mstari, na pima mbegu za kila mstari peke yake. Mwambie ofisa ugani wa kata aje aone, na wasiliana na kituo cha TARI (taasisi ya utafiti wa kilimo Tanzania) kilicho karibu, maana takwimu zako zitakuwa na thamani kwa wengine pia. Ikifika mwaka wa tano na mstari mmoja umekuzalia vizuri kwa misimu miwili mfululizo, kata vipandikizi kutoka kwenye mstari huo, na hapo ndipo uanze kutafuta ekari ya pili.